Ham on Rye au Atlantique? Filamu ya kuwaonyesha vijana wa Lamu kabla hawajaondoka

Kila mwaka mtihani wa kidato cha nne ukimalizika, Lamu huanza kupungua vijana. Anayekwenda chuo Mombasa huondoka, anayekwenda kwa mjomba wake Nairobi kutafuta kibarua huondoka, na yule aliyeahidiwa na wakala kazi ya Uarabuni huanza kufuatilia pasipoti. Wanaobaki ni wengi, lakini hao hawasemwi. Mazungumzo ya barazani huwafuata waliopanda mashua ya Mokowe.

Kwa hiyo nikiombwa filamu ya kuwaonyesha vijana wa umri huo, sitafuti filamu ya safari. Hizo zimejaa: kijana anachoka kwao, anafunga begi, barabara inafunguka, muziki unapanda, basi. Mimi natafuta filamu inayokaa na aliyebaki. Na nimepata mbili ambazo zinafanana kwa namna ya kushangaza. Zote zilitoka mwaka 2019. Kila moja ni filamu ndefu ya kwanza ya mwongozaji wake. Zote zinahusu vijana wa mitaa ya pembeni ya mji, na katika zote kuna jambo ambalo akili ya kawaida inalikataa: katika moja watoto wanatoweka mchana, katika nyingine waliozama baharini wanarudi usiku. Ya kwanza ni Ham on Rye ya Mmarekani Tyler Taormina. Ya pili ni Atlantique ya Mati Diop, Mfaransa mwenye asili ya Senegal. Ukitaka kuwaonyesha vijana wako moja tu, nitakueleza nionavyo mimi, nikianza na zenyewe zinasimulia nini.

Siku moja na hoteli ya mikate

Ham on Rye ni siku moja tu, asubuhi hadi usiku mkubwa, katika mtaa wa Marekani usiotajwa jina. Ni ile mitaa ya nyumba zenye nyasi mbele na gari kila mlangoni, barabara pana, watembeao kwa miguu wachache. Wasichana na wavulana wanaokaribia kumaliza utoto wanavaa magauni ya mtindo wa zamani na suti ambazo haziwakai sawasawa, kisha wanatembea kwa vikundi kuelekea hoteli ndogo ya mikate iitwayo Monty's. Matembezi hayo yanachukua sehemu kubwa ya nusu ya kwanza, na ni mazuri mno. Mtoto wa Lamu hataona ugeni ndani yake. Ni kama alasiri ya Idi mosi, watoto wamepigwa pasi na kufukizwa udi, wanapita vichochoroni makundi makundi kuteremka pwani, na kila mmoja anajikagua kwa macho ya mwenzake. Wavulana wanataniana kuhusu mambo wasiyoyajua. Wasichana wananong'onezana. Hakuna anayetamka wanakwenda kufanya nini, na kila mmoja anajua.

Pale Monty's wanakula, wanacheza muziki, kisha wanachaguana wawili wawili. Wapo wanaokataliwa mbele ya wenzao wote. Halafu kinatokea kitu ambacho filamu haikielezi hadi mwisho: waliochaguana wanajawa na furaha isiyo ya kawaida, na wanatoweka. Mtaa wameuacha. Haley, msichana tuliyekuwa naye njia nzima, hakuweza kuingia katika jambo lile, alitoka mbio.

Nusu ya pili ni usiku wa waliobaki. Tunakutana na vijana wakubwa kidogo, ambao bila shaka miaka iliyopita nao walivaa suti zao wakaenda Monty's, na wako bado. Wanakaa kwenye maegesho ya magari. Wanazunguka ndani ya gari bila pa kwenda. Wanachokozana kwa sababu hakuna la kufanya. Haley anawatafuta rafiki zake wa asubuhi na hawapati, na anaanza kuelewa kwamba hawatapatikana. Rangi za asubuhi zote zimekwisha, kila kitu kimekuwa cheusi na cha manjano ya taa za barabarani.

Filamu ina waigizaji zaidi ya mia moja, wengi wao wakionekana kwa dakika chache. Miongoni mwa watu wazima wa mtaa huo kuna waliokuwa watoto maarufu wa televisheni ya Marekani miaka ya 1990, kama Danny Tamberelli na Lori Beth Denberg. Mmarekani wa rika lao akiona nyuso zile anashtuka, maana aliwajua wadogo na sasa anawaona wamekuwa watu wa makamo katika mtaa wa waliobaki. Kwetu jambo hilo linapita hivi hivi. Waambie watazamaji kabla, watafaidi zaidi.

Mnara, mshahara na bahari

Atlantique iko Dakar, upande wa Thiaroye, kitongoji cha wavuvi na vibarua. Vijana wanajenga mnara mkubwa wa kifahari kando ya bahari na wamefanya kazi miezi bila kulipwa. Siku moja wanakwenda kudai, wanajibiwa maneno matupu, wanarudi wamesimama nyuma ya lori wakiimba ili wasilie. Miongoni mwao yuko Souleiman. Anapendana na Ada, msichana wa miaka 17, ambaye ameposwa na Omar, tajiri anayefanya kazi nje. Usiku huo Ada anatoroka nyumbani kwenda kumwona mpenzi wake kwenye baa ya pwani, na anawakuta wasichana wenzake peke yao. Wavulana wameingia kwenye mtumbwi kuelekea Hispania. Hawakuaga.

Kipande kile ni kifupi na sijaona kingine kinachokikaribia. Taa za kijani za disko zinaendelea kuzunguka, ukumbi mtupu, wasichana wamekaa na nguo zao nzuri, na habari inapita kutoka uso mmoja hadi mwingine. Hakuna anayepiga kelele. Mwigizaji wa Ada, Mame Bineta Sané, hakuwa mwigizaji hapo awali. Diop alimkuta Thiaroye kwenyewe. Labda ndiyo maana uso wake haufanyi bidii ya kutuonyesha huzuni.

Kisha arusi inafanyika. Chumba cha maharusi kimepambwa cheupe kitupu, kitanda kipya kikubwa, rafiki zake wanaingia kukishikashika na kujipiga picha juu yake. Usiku huohuo kitanda kinashika moto chenyewe. Mpelelezi kijana, Issa, anatumwa kuchunguza. Na wasichana wa mtaa wanaanza kuugua ugonjwa usioeleweka: jua likizama macho yao yanageuka meupe, wanatoka nyumbani miguu mitupu, wanakwenda nyumbani kwa yule tajiri wa mnara na kumdai mishahara. Waliozama wamerudi ndani ya miili ya wasichana waliowaacha.

Diop alikuwa na jambo hili moyoni kwa miaka. Mwaka 2009 alitengeneza filamu fupi ya jina karibu lilelile, vijana wa Dakar wameuzunguka moto usiku wakizungumza juu ya kuvuka bahari. Vijana wa Senegal walioingia mitumbwi hiyo walikuwa na msemo wao: Barcelona au barzakhi. Muislamu wa Lamu hahitaji kufafanuliwa; kwa asiyejua, barzakhi ni makao ya wafu kati ya kifo na kiyama. Atlantique ilipofika tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, mwaka 2019, Diop akawa mwanamke mweusi wa kwanza mwongozaji kuingia katika shindano kuu la tamasha hilo, na akaondoka na tuzo ya Grand Prix.

Kwa nini wanaondoka

Hapa ndipo filamu hizi mbili zinapoachana, na ukiwa na kundi la vijana mbele yako ndipo pa kuamulia.

Katika Ham on Rye hakuna anayeondoka kwa shida. Hakuna njaa, hakuna deni, hakuna mzazi mgonjwa. Mtaa una maji, umeme, miti, na kila mtoto ana chumba chake. Wanaondoka kwa sababu rika lao linaondoka, kwa sababu siku imefika, kwa sababu kubaki kuna aibu ambayo hakuna aliyeitaja kwa jina. Kijana wa Gadeni au Bajuri atauliza, na ni haki yake: kwani wanakimbia nini? Usimjibu haraka. Lilelile swali aligeuze kwa darasa lake. Wapo wanaoondoka Lamu kwa sababu kazi hakuna, hilo liko wazi. Lakini wapo pia wanaoondoka kwa sababu mwenzao wa dawati moja ameondoka na kutuma picha. Filamu hii inaliona jambo hilo la pili kuliko filamu yoyote ninayoijua. Kwenye ule mstari wa kuchaguana hakuna anayeuliza anapelekwa wapi. Kinachotafutwa ni kuchaguliwa.

Katika Atlantique sababu ina jina na ina hesabu: mishahara. Mnara unaonekana karibu kila mara kamera inapotazama juu, mrefu kupita kiasi, wa kutengenezwa kwa kompyuta na bado unauamini. Nao ulijengwa na watu walioufia. Sisi wa Lamu tumekaa miaka mingi kando ya ujenzi mkubwa. Gati ya kwanza ya bandari mpya ilifunguliwa mwaka 2021. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ilikuwa imeamuru wavuvi wapatao 4,600 walioathiriwa na bandari hiyo walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76, na tangu hapo neno fidia limekuwa neno la kila siku pale wanapokaa wavuvi. Mtoto wa mvuvi akiiona filamu ya Diop ataelewa kabla hujamweleza, kwamba mtu anaweza kuondoka kwao huku anadai.

Kwa hiyo kama kundi lako ni la vijana wanaosema wanaondoka kwa sababu hapa hapana maisha, Atlantique inawaheshimu zaidi. Inawaambia kwamba madai yao ni ya kweli. Ham on Rye ikionyeshwa kwa kundi hilo bila maandalizi inaweza kuonekana ni hadithi ya watoto walioshiba.

Haley na Ada

Nimeona watu wakizilinganisha filamu kama hizi kwa picha na muziki. Mimi naona jambo la kwanza la kulinganisha ni wasichana wawili hawa, kwa kuwa anayebaki Lamu mara nyingi ni msichana.

Haley alipewa nafasi akaikataa. Alikuwa ndani, mstari ulipangwa, na mwili wake ukakataa. Filamu haimsifu kwa hilo. Hairudi baadaye kutuonyesha kwamba alifanya vizuri, wala haimpi kitu cha kumfidia. Inamwacha atembee usiku na uamuzi wake. Hili ni gumu kulitazama ukiwa na miaka kumi na saba, na ndiyo sababu naliona lina thamani. Filamu nyingi humlipa haraka msichana aliyejitenga na wenzake: anapata mchumba bora, au kipaji, au maneno ya kuwafunga midomo. Haley anapata usiku mrefu na mtaa aliouzoea ambao umegeuka mgeni.

Ada hakuulizwa. Wavulana walipanga safari yao, wazazi walipanga arusi yake, na baada ya moto wa kitanda wakwe wakataka apelekwe kupimwa kama bado ni msichana. Kipande hicho hakina damu wala kelele, lakini wasichana wakubwa wakikiona hunyamaza, na mama zao hunyamaza zaidi. Tofauti na Haley, Ada anakua mbele ya macho yetu. Anaanza akiwa amebebwa na maamuzi ya wengine, na polepole anaanza kusema hapana: kwa mume, kwa mpelelezi, kwa rafiki zake wanaomshauri akubali pesa. Rafiki hao nao hawakuchorwa kama watu wabaya. Dior, mwenye kuendesha ile baa, ni mtu ninayependa kumtazama kila anapotokea.

Msichana anayebaki kwa kuwa amezuiwa, mpe Ada. Msichana au mvulana anayebaki kwa kuwa hakuweza kuondoka ingawa mlango ulikuwa wazi, na hajui amweleze nani, mpe Haley. Huyu wa pili yupo katika kila darasa. Alipata nafasi ya chuo akarudi baada ya muhula mmoja, au alifika hadi Mokowe akageuka. Watu humcheka. Sijapata filamu nyingine inayokaa naye usiku kucha bila kumcheka na bila kumhurumia kwa kujionyesha.

Ajabu za huku na ajabu za kule

Mambo ya kupita akili katika Atlantique hayatamsumbua mtazamaji wa pwani. Aliyepagawa, macho yaliyogeuka, sauti ya mtu mwingine kinywani mwa binti wa jirani: tumelelewa na habari hizo. Nyanya atakayekuwa amekaa nyuma atafahamu kabla ya mjukuu wake aliye na simu. Hatari yake ni kinyume: wapo watakaoichukua kuwa filamu ya kutisha na kungoja kupiga mayowe. Haitishi. Wale wasichana wamekaa tu kwenye makochi ya tajiri na nguo zao za kulalia, wanadai haki yao kwa sauti ya upole.

Ham on Rye itahitaji subira. Vijana waliozoea filamu za Kihindi na za mapigano, ambamo kila dakika ina jambo, baada ya dakika ishirini wataanza kuguna. Hakuna adui, hakuna siri inayofichuliwa. Ukiwaambia mapema kwamba kutoweka hakutaelezwa, wataacha kungoja maelezo na wataanza kutazama nyuso. Usipowaambia, mwisho wake utapokewa kwa hasira.

Nani amekaa mkekani

Kama ni usiku wa familia, wazee na wadogo pamoja, Ham on Rye ni salama zaidi. Kuna maneno ya kihuni ya wavulana na haina zaidi ya hapo la kukuinamisha uso mbele ya ami yako. Jina lake lina nyama ya nguruwe ndani ya mkate, kwa hivyo kwenye bango andika maelezo mafupi ya filamu chini ya jina, mzazi asije akalitafsiri peke yake akamkataza mtoto. Atlantique ina baa, ina busu, na karibu na mwisho kuna kipande cha mapenzi ambacho kimepigwa kwa staha lakini ni cha mapenzi. Kundi la wasichana na mama zao wataitazama vizuri. Kundi la wasichana, mama zao na kaka zao wadogo, hapana. Kumbuka pia kwamba kuonyesha filamu hadharani Kenya kunaangaliwa na Bodi ya Uainishaji wa Filamu. Uliza kibali kabla ya kubandika bango.

Upande wa lugha, Atlantique ni ya Kiwolofu kwa sehemu kubwa, na utashangaa watu wanavyochangamka wakisikia salamu na dua wanazozijua zikitoka vinywani mwa Wasenegali. Lakini maandishi ya chini ni ya Kiingereza na yanakwenda kasi. Mtafute mtu wa kutafsiri kwa sauti, kama wanavyofanya wale wa vibanda vya video, na umwombe asiongeze chumvi. Filamu hii inabeba mtafsiri vizuri, maana ina kesi, ina mpelelezi, ina maswali na majibu. Ham on Rye haimbebi. Maneno yake ni machache, mengi ni porojo za watoto zilizopishana, na sauti ya mtafsiri juu yake itaua kile ambacho mwongozaji amekijenga kwa milango, hatua na vicheko vya mbali. Iache kama ilivyo.

Muda hautofautiani sana: ya Taormina iko chini ya saa moja na nusu, ya Diop inaizidi kwa kama dakika ishirini. Atlantique iko Netflix, ingawa kumbuka kwamba akaunti ya nyumbani ni ya kutazama nyumbani. Ham on Rye ni kazi ya watu waliojitegemea, itakubidi uitafute.

Mbili za akiba

Ukiona hizi mbili hazikufai, ipo Ghost World ya mwaka 2001, ya Terry Zwigoff, kutoka kitabu cha katuni cha Daniel Clowes. Enid na Rebecca wamemaliza shule na walikuwa wamepanga kupanga nyumba pamoja. Kiangazi kinawatenganisha polepole. Ina mzee anayekaa kila siku kituoni akisubiri basi la njia iliyofutwa, na siku moja basi linakuja. Watu wa Lamu watafurahishwa na mwanzo wake: Enid anacheza chumbani kwake mbele ya televisheni, na kinachochezwa ni wimbo wa Mohammed Rafi kutoka filamu ya Kihindi ya mwaka 1965, Gumnaam. Wazee wataujua kwa noti ya kwanza. Lakini matusi yake ni mengi, na sehemu za katikati zinahusu mahusiano ya Enid na mwanamume mtu mzima. Ni ya vijana wa miaka ishirini kwenda juu, wakiwa peke yao.

Ya pili ni Touki Bouki ya mwaka 1973, ya Djibril Diop Mambéty, baba mkubwa wa Mati Diop. Mory ana pikipiki yenye pembe za ng'ombe, Anta ni mwanafunzi wa chuo, wote wanaitamani Paris. Wanafika hadi bandarini Dakar. Anta anapanda meli. Mory anageuka na kukimbia kurudi mjini. Ina vipande vya machinjioni ambavyo wengi hawavistahimili, na uchi, kwa hiyo mkekani siwezi kuipendekeza. Naitaja kwa sababu moja: mwaka 2013 Mati Diop alimrudia Magaye Niang, aliyeigiza Mory, akamkuta bado yuko Dakar miaka arobaini baadaye, na akatengeneza filamu juu yake, Mille soleils. Ukiijua habari hiyo, Atlantique unaitazama kwa jicho jingine. Familia hii imekuwa ikiulizana swali la nani aondoke na nani abaki kwa vizazi viwili.

Kama una usiku mmoja tu

Onyesha Atlantique. Nasema hivyo nikijua kwamba Ham on Rye ndiyo ninayoifikiria zaidi nikiwa peke yangu. Lakini kijana wa Lamu hajaona mara nyingi bahari yake, sala yake, arusi yake na madai yake vikiwa ndani ya filamu moja iliyotengenezwa kwa ustadi wa kiwango hicho, na kuviona hivyo ana haki navyo. Atatoka pale na jambo la kuzungumza na mama yake.

Ukiwa na usiku wa pili, na kundi likiwa dogo, watu kumi au kumi na tano wanaojuana, leta Ham on Rye. Wakati wake mzuri ni baada ya matokeo ya mtihani kutoka, pale darasa linapokuwa limeshagawanyika katika waitwao na wasioitwa. Usiwaite waliopata nafasi peke yao. Waite wote, na mazungumzo ya baadaye yaanze kwa kumuuliza kila mtu alidhani Haley amekimbia nini. Majibu yatapishana sana, na hapo utawajua vijana wako.

Mambo ya vyombo ni machache. Muziki wa Atlantique ni wa Fatima Al Qadiri, mwanamuziki aliyekulia Kuwait, na una mvumo wa chini ambao spika ya simu haiutoi kabisa. Azima spika ya watu wa arusi. Ham on Rye inahitaji giza la kweli, kwa sababu nusu yake ya pili ni nyeusi na taa ya barabarani ikipiga ukutani hutaona kitu. Na umeme ukikatika katikati, Atlantique iendeleze palepale iliposimama. Ham on Rye irudishe nyuma hadi mlango wa Monty's, maana aliyepoteza mchana wake hawezi kuingia katika usiku wake.